Chombo Kikuukuu Kutoka Ng'ambo: Tukipime Kabla ya Kukilipia

Huku kwetu Akheri, katika miteremko ya mlima Meru, mtu anayetaka kununua ng'ombe wa maziwa hamnunui kwa kumtazama kwa mbali. Humfungua kinywa akayaona meno, humpapasa kiwele, humtembeza hatua kadhaa aone kama anachechemea, kisha huwauliza majirani amezaa mara ngapi na kwa nini anauzwa. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwuzaji akisitasita kulijibu, mnunuzi huaga kwa adabu akarudi nyumbani na fedha zake.

Lakini watu hao hao, wenye hekima hiyo ya miaka mingi, wanapotaka kununua chombo cha majini chenye thamani ya ng'ombe mia moja, mara nyingi hukinunua kwa picha tatu na cheti kimoja. Chombo chenyewe kiko ng'ambo, kimekwisha kutumiwa na watu wengine kwa miaka ishirini au thelathini, na hakuna jirani wa kuulizwa. Katika makala haya ninakusudia kueleza kwamba jambo hili si la wafanyabiashara peke yao. Ni jambo la sayansi, tena ile ile inayofundishwa katika madarasa yetu ya sekondari, na kulipuuza kumekwisha kutugharimu roho za watu.

Kosa langu mwenyewe

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Mwaka 2010 nilikuwa masomoni Ulaya, nikitafuta shahada ya udaktari katika mekanika. Baba yangu mdogo na wenzake wachache waliouza kahawa vizuri msimu ule walikuwa wameungana na mkwe wao wa Tanga ili wanunue mashua ya chuma ya uvuvi, yenye urefu wa mita 11, iliyokuwa ikiuzwa katika mji mmoja wa bandari kaskazini mwa Ulaya. Baba mdogo akaniandikia: "Mwanangu, wewe uko huko huko na umesoma. Nenda ukatuangalizie."

Nilikwenda. Injini ilivuma mara ya kwanza ilipowashwa. Rangi ilikuwa mpya, inang'aa. Cheti kilikuwa na mhuri. Nilipiga picha, nikaandika barua ya kurasa mbili yenye maneno ya kitaalamu, nikawashauri wanunue. Sikumwuliza mwuzaji kwa nini anauza. Sikuwa na nyundo mkononi, wala sikuona haja ya kuwa nayo.

Mashua ilipakiwa juu ya meli ya mizigo, ikashushwa Dar es Salaam, ikapelekwa Tanga. Ilipopandishwa kwenye chelezo, fundi mmoja mzee, ambaye hakupata kukaa darasani zaidi ya miaka minne, aliizunguka akiigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Palipo pazima palilia kama kengele. Alipokaribia mkuku, sauti ikawa ya debe lililojaa mchanga. Pigo la tatu lilipenya. Chini ya rangi mpya palikuwa na kutu tupu. Mzee yule aliniandikia ujumbe mmoja tu kupitia kwa mkwe wetu: "Mwambieni kijana, rangi haielei."

Fedha zile zilikuwa ada za watoto na bei ya miche mipya ya kahawa. Baba mdogo hakunikemea. Nilipompigia simu kuomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, sasa umesoma." Neno hilo limekaa moyoni mwangu kuliko shahada niliyokuja nayo.

Vyombo vilivyokuja kabla yetu

Kuleta chombo kutoka mbali si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Meli ndogo ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa na kuunganishwa upya Kisumu, ambako ilianza kuelea mwaka 1900. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Wajenzi kutoka Papenburg walifuatana nayo ili kuisimamisha tena, na Februari 1915 ikashushwa katika Ziwa Tanganyika. Mwaka huo huo Waingereza waliwatumia mahasimu wao wa Kijerumani mashua mbili, Mimi na Toutou. Zilitoka London kwa meli mpaka Cape Town, zikasafirishwa kwa reli, kisha zikaburutwa kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe kuvuka milima ya Kongo. Mwaka 1961 meli ya Victoria, iliyoundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu, ilianza kazi katika Ziwa Victoria.

Mbali na ugumu wa safari zao, vyombo hivi vina jambo moja la kutufundisha. Kila kimoja kilikuja pamoja na watu waliokijua. Wahandisi wa Graf von Götzen walipolazimika kuizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, waliipaka mitambo yake grisi nyingi kwanza. Kwa sababu hiyo, Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo bado inafaa. Ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na ikaendelea kuwahudumia wananchi mpaka karne ya 21. Kilichoiokoa ni ujuzi wa watu wachache waliofahamu oksijeni na maji hufanya nini juu ya chuma.

Chombo kikuukuu tunachokinunua leo huja peke yake. Waliokiunda wako mbali, waliokitumia wamekwisha kukisahau, na sisi tunaokipokea hatujui historia yake.

Misiba miwili

Hatuna budi kukumbuka, ingawa inauma. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967 na kununuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,000, ilhali idadi iliyoruhusiwa haikufikia 700.

Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Hii iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria katika ghuba ya Puget Sound, jimbo la Washington. Ghuba hiyo imekingwa na nchi kavu karibu pande zote. Mwaka 2011 meli iliuzwa, na baadaye ikafika katika bahari yetu. Siku ilipozama ilikuwa katikati ya kusi, upepo mkali na mawimbi makubwa.

Misiba hii miwili haikufanana. Katika ule wa kwanza, msongamano wa watu na mizigo unatosha kumtisha hata asiyejua sayansi. Katika ule wa pili, meli iliyoundwa kwa maji yaliyotulia ilikutana na bahari iliyo wazi. Naitaja misiba yote miwili ili tuone kwamba swali la "chombo hiki ni kizuri au kibaya?" halina jibu peke yake. Lazima tuulize: kizuri kwa maji gani, kwa mzigo gani, na katika hali gani?

Maswali manne ya kuuliza

Swali la kwanza: chuma kimebaki kiasi gani? Chuma katika maji ya chumvi huliwa taratibu, na zaidi mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya ngama, ambako maji machafu husimama. Nyundo ya fundi wa Tanga ni chombo cha sayansi: bamba zima hutetemeka kwa pamoja, bamba lililooza hufifisha mtetemo. Kipo pia kifaa kidogo kinachotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika ndani ya bamba na kupima muda yanaochukua kurudi. Sauti husafiri ndani ya chuma cha pua au cha kawaida kwa mwendo wa karibu mita 5,900 kwa sekunde. Bamba la milimita 6 hurudisha mwangwi baada ya sehemu 2 hivi za milioni za sekunde. Mwangwi ukirudi kwa nusu ya muda huo, nusu ya chuma imekwisha, hata rangi ing'ae namna gani. Kifaa hiki hubebwa mkononi. Laiti ningekuwa nacho mwaka 2010, au ningekuwa na nyundo tu.

Swali la pili: chombo kikiinama, kitarudi? Hili ndilo swali la uthabiti, nalo hujibiwa kwa jaribio ambalo mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anaweza kulielewa. Chombo kikiwa kimetulia gatini, uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, na timazi iliyoning'inizwa ndani huonyesha kimeinama kiasi gani. Tuseme chombo kina uzito wa tani 100. Tunasogeza tani 1 kwa umbali wa mita 4, na timazi yenye urefu wa mita 2 inasogea sentimita 8. Tanjenti ya pembe ni 0.04. Zidisha uzito uliosogezwa kwa umbali, yaani 4. Gawanya kwa 100 mara 0.04, yaani 4 pia. Jibu ni mita 1. Hicho ndicho kimo cha uthabiti. Kadiri kinavyopungua, ndivyo chombo kinavyokuwa mvivu wa kurudi kikiinama, na kikifika chini ya sifuri, chombo hakiwezi tena kusimama wima.

Sasa abiria 150, kila mmoja na mzigo wake akiwa na kilo 80, wanaondoka sitaha ya chini na kupanda ya juu, mita 3 zaidi, ili wapate hewa. Hizo ni tani 12. Uzito wa chombo haukubadilika hata kilo moja, lakini kitovu cha uzito kimepanda sentimita 36, na kimo cha uthabiti kimeshuka kutoka mita 1 hadi sentimita 64. Hakuna aliyeongezeka wala aliyevunja sheria; watu wamepanda ngazi tu. Mabaharia wa majahazi walilijua hili kabla ya kuwapo vitabu, ndiyo maana chombo kitupu walikitia farumi ya mawe chini kabisa, wala si juu. Anayekinunua chombo kikuukuu na kukiongezea ghorofa ili kipakie abiria zaidi, anaiondoa farumi hiyo bila kuigusa.

Maji yaliyo huru ndani ya chombo ni adui mwingine. Tangi lililojaa nusu huyamwaga maji upande ule ule chombo kinakoinamia. Hasara yake huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana wa tangi. Ukiligawa tangi katikati kwa ukuta unaofuata urefu wa chombo, hasara hubaki robo tu. Mnunuzi aulize kuta hizo zipo, au zimekatwa na mwenyeji wa kwanza ili kupata nafasi.

Swali la tatu: kiliundwa kwa maji yapi? Injini iliyozoea bahari yenye joto la nyuzi 10 hupozwa kwa urahisi. Tuseme maji yanayozunguka ndani ya injini yana nyuzi 80. Tofauti ni 70. Katika bahari yetu yenye nyuzi 28, tofauti hushuka hadi 52. Kifaa kile kile cha kupozea sasa huondoa robo tatu tu ya joto kilichoondoa kwao, na injini huchemka katikati ya mkondo, mahali pabaya kuliko pote. Aidha, vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye vyombo vya baharini ili viliwe na kutu badala ya chuma havifanyi kazi vizuri katika maji baridi ya ziwa. Huko hutumika magnesi. Anayepeleka chombo cha bahari Mwanza bila kujua hili atashangaa chuma chake kikioza na zinki ikibaki nzima.

Swali la nne: kitakujaje? Chombo kidogo huweza kubebwa juu ya meli kubwa, kuvutwa kwa tishari, au kuja kwa injini yake. Ajaye kwa injini yake na afanye hesabu. Nguvu inayohitajika hupanda karibu kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Anayepunguza mwendo kutoka noti 10 hadi 8 atatumia muda mrefu zaidi, lakini mafuta ya safari nzima yatashuka hadi karibu asilimia 64. Na pepo zina majira yake. Manahodha wa Oman na Ghuba walishuka kwetu na kaskazi, wakarudi na kusi. Anayetoka mlango wa Bahari ya Shamu mwezi Julai na chombo kidogo kikuukuu anapambana na upepo ambao mababu walikaa bandarini kuungoja upite.

Je, tupige marufuku?

Wapo wanaosema dawa ni moja: tusinunue chombo chochote kilichozidi umri fulani. Nawaheshimu, maana wanasema kwa uchungu. Hata hivyo sikubaliani nao kabisa. Umri ni dalili, nayo hailingani na kipimo. Liemba ilifanya kazi baada ya watu waliokuwa watoto wakati wa kushushwa kwake kuzeeka na kufa. Victoria ya mwaka 1961 imefufuliwa na kurudi ziwani mwaka 2020. Kwa upande mwingine, MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya wananchi haikuwa imefikia hata miaka 20. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Nasi tuongeze kwamba kikuukuu nacho si lazima kiwe kidonda.

Wengine husema: "Sisi ni maskini, hatuwezi kuchagua." Hoja hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tajiri akipoteza chombo hununua kingine, lakini baba yangu mdogo hakununua kingine.

Maoni yangu ni haya. Kila chombo cha abiria kinacholetwa kikiwa kimetumika kipimwe upya hapa hapa, katika maji yetu, baada ya marekebisho yote, bila kutegemea cheti kilichotoka nacho. Tunayo Chuo cha Bahari Dar es Salaam, tunao wakaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli na wa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar, na tunao mafundi. Meli kubwa ya Ziwa Victoria iliyoshushwa majini Mwanza Februari 2023 iliunganishwa katika ardhi yetu. Vijana walioshika mikono ya kazi ile wasiachwe wasahau. Na matokeo ya vipimo yasifungiwe katika majalada. Yabandikwe gatini kwa Kiswahili: unene wa bamba uliobaki, kimo cha uthabiti, idadi ya watu kwa kila sitaha, na hali ya bahari ambayo chombo hakipaswi kutoka.

Kazi ya mwalimu

Mtu ataniuliza, bango litamfaa nini abiria asiyeweza kulisoma? Hapo ndipo ninapowageukia ninyi, walimu na wanafunzi. Kanuni ya Archimedes hufundishwa kila mwaka, na kila mwaka huishia kwenye daftari. Wanafunzi wa Akheri na Tengeru wanaliona Ziwa Duluti karibu kila siku, lakini wengi humaliza shule bila kuliuliza swali hata moja.

Hamhitaji maabara. Chukueni dumu la lita 20, lipasueni ubavu liwe mashua, lieleeni katika karai kubwa. Ning'inizeni nati kwa uzi iwe timazi. Wekeni mchanga chini, kisha uleule uwekeni juu ya kibao kilichoinuliwa, na mpime tofauti. Halafu ondoeni mchanga, mwageni maji ndani yake, mwone jinsi dumu linavyolala upande. Gaweni dumu kwa kipande cha bati katikati, mrudie. Andikeni hesabu zenu ubaoni. Nimelifanya jaribio hili na vijana wa hapa kijijini chini ya migomba, na msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hajapata kuiona bahari, alitazama dumu likipinduka kisha akauliza: "Kwa hiyo mtu anayekataa kupanda sitaha ya juu anawaokoa wote?"

Ndiyo, mwanangu, anawaokoa wote. Sheria ya usalama majini hulindwa na mkaguzi, lakini hulindwa pia na abiria anayejua anachokitazama. Mkaguzi mmoja anaweza kudanganywa kwa rangi mpya. Gati lenye watu mia tatu waliofundishwa kupima si rahisi kulidanganya.

Nyundo ndogo niliyoinunua baada ya msiba wa mashua yetu iko juu ya meza yangu ninapoandika haya. Sijapata kumwona mwanafunzi akiingia ofisini asiulize ni ya nini, nami humwambia maneno ya yule fundi wa Tanga: rangi haielei.